Umwiza Katikati ya Mishale

Benchi la mtaa wa Mabanga ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ya volkano, na anayeketi hapo hana budi kuwa na maoni. Mama Julie humimina kahawa. Papa Hilaire, waliyembatiza Radio kwa kuwa hazimiki, hutangaza. Kamate, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, aitwaye Jaji, hukata kesi. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa ya Florent. Alisoma kompyuta miezi miwili pale Ndosho, wakamwita Balise, jina la zile amri za kurasa za mtandao zinazoandikwa katikati ya mishale miwili. Siku ya tatu sasa alikuwa akiweka tangazo kwenye jukwaa la mtandaoni la kutafutana, ampate mdogo wake Umwiza, waliyepotezana naye wakikimbia vita vya Masisi. Alitaka jina liwe jekundu, kubwa, hata kipofu alione. Jukwaa likamgomea.

— Imekata tena! Florent alisema. Rangi hakuna.

— Nyekundu inakula kura, umeme yote, Radio akasema. Banaogopa mashine yao iungue.

— Hapana, muzee, Jaji akakata. Ile ni duane, forodha ya mupaka. Herufi nene inapita, ni kama mama mwenye kitunga. Rangi ni lori, lazima ishushwe mizigo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bale banajenga ukuta kwanza, ufa itakuja.

— Na zile rangi banakata, banapeleka wapi? Radio akauliza.

— Mu depo. Siku moja utaona banauzisha upinde ya mvua!

Florent hakucheka. Moyo ulimuuma kufikiri kwamba Umwiza yuko mahali fulani na tangazo halimwiti. Akafungua tena kisanduku cha kuandikia, akatia amri ya rangi pamoja na jina, vyote ndani ya mishale, akabonyeza.

— Nitaandika mupaka itakubali.

— Ndio vile! Haba na haba hujaza kibaba, Radio akasema, akimsogezea Mama Julie kikombe chake kitupu.

Msichana mgeni, Bénita, aliyesimama kununua kahawa, akaomba kuliona tangazo kwenye simu. Akasoma kwa sauti:

— “Ninatafuta dada yangu. Ana kovu juu ya jicho la kushoto. Tulipotezana njiani Masisi. Mutu akimuona anipigie.” Sasa, kaka, huyu dada anaitwa nani?

Florent akaisoma simu mara mbili. Jukwaa lilikuwa limetupa mishale na kila kilichokuwa ndani yake. Siku tatu walitafuta rangi. Hakuna aliyetafuta jina.

Aibu ikamchoma, lakini simu hakuiweka chini. Akafuta mishale yote, akaandika jina kwa herufi nyeusi za kawaida, akabonyeza.

— Soma tena, dada.

— “Ninatafuta dada yangu, Umwiza.”

— Amepita, Jaji akasema polepole.

— Kwa miguu, bila mizigo, Florent akajibu.

Mama Julie akainamisha thermosi, hakikutoka kitu. Hakuna aliyeondoka. Florent alikuwa amekwisha kufungua jukwaa lingine, na safari hii alianza na jina.