Melanopo wa Thoriko na Mjumbe Wake

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Thoriko, nanyi waigizaji wenzetu mliotembea tangu alfajiri kutoka mjini, mimi naitwa Fainipo, mdogo wake marehemu, na kwa kuwa wazazi wetu walishatangulia, nimepewa jukumu la kusoma maisha ya kaka yangu, jukumu ambalo nililizoea kabla hajafa.

Marehemu Melanopo alizaliwa hapa Thoriko, tarehe nne mwezi wa Boedromio, mwaka ambao Kefisio alikuwa mkuu wa mji, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Kalia, fundi wa vinyago, na Bi Mirine, nami nikafuata miaka miwili baadaye. Baba alitengeneza vinyago kwa kubandika vitambaa vyenye gundi juu ya uso wa mtu, na alimchagua Melanopo kwa sababu alikuwa mtulivu, mimi nilikuwa nacheka, kwa hiyo vinyago vyote vya nyumbani kwetu vilitoka kwa kipimo chake, na nilipokuwa mwigizaji kila nilichovaa kilinipwaya.

Alisoma kwa mwalimu Diokle, akajifunza herufi, kinubi na nyimbo, na alipotimiza miaka ishirini aliingia katika kundi la waimbaji kumi na watano wa tanzia, akapangwa mstari wa kushoto unaoonekana na watu, nami nilipoingia mwaka uliofuata nikapangwa mstari wa katikati, wanakofichwa wenye miguu mizito.

Katika kazi alipanda hadi kuwa mwigizaji wa kwanza, mimi nikaishia kuwa wa tatu. Mnajua wenyewe mwendo wa tanzia, mkubwa anakuja na kiburi chake, waimbaji wanamsihi asikilize, hasikilizi, anagundua kosa lake wakati mambo yameshaharibika, anaingia ndani, mlango unafungwa, kelele inasikika, kisha mjumbe anatoka kueleza jinsi alivyokufa, kwa maana damu haimwagwi mbele ya watu. Kaka yangu alikuwa wa kuingia, mimi nilikuwa wa kutoka. Nimetangaza kifo chake mara thelathini na moja, kwa upanga, kwa sumu, kwa farasi, kwa laana ya babu, na watu walilia nikisema mimi, si yeye, lakini tuzo ni ya mwigizaji wa kwanza peke yake, naye aliipata mara saba nikiwa mjumbe wake. Nilimwonea wivu, nasema hivyo mbele ya mwili wake, na wengi wenu mlikuwa mnajua.

Tarehe ishirini na saba mwezi wa Gamelio, mwaka ambao Theelo alikuwa mkuu wa mji, alifunga ndoa na Bi Lisila, wakajaliwa mtoto mmoja, Kalia, anayeitwa jina la babu yake. Wapo wanaonong'ona kwamba nami nilimtaka Lisila. Sikumtaka, wivu wangu ulikuwa wa kazi tu, na ulinitosha.

Miaka sita iliyopita tulipewa tanzia ya mfalme aliyeapa kumuua aliyewafungulia adui lango, asijue kwamba ni binti yake mwenyewe, na wakati wa mazoezi marehemu akamwambia mtunzi, “Nikishakufa huko ndani sina shughuli, nitabadili kinyago, mjumbe nitakuwa mimi.” Nikauliza, “Na mimi je, kaka?” Akajibu, “Wewe shika mkuki, simama mlangoni.” Nikasimama bila neno hata moja, yeye akatoka akatangaza kifo chake mwenyewe, kwa vituo vyangu, kwa pumzi zangu, akapata tuzo ya nane, na muuza tini mmoja akasema nikisikia, “Hee, kumbe mjumbe ndiye huyu! Yule wa siku zote walimweka wa nini?” Tangu siku hiyo sikuzungumza na kaka yangu, ingawa nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja.

Mwaka huu, mwezi wa Poseideo, alianza kuvimba koo, akatibiwa kwa asali na mvuke wa siki, lakini kufikia Gamelio sauti ilikuwa imekwisha, nami niliposikia habari hiyo, Mungu anisamehe, nilikula nikashiba. Ndipo Lisila akaja kuniita. Marehemu alinivuta sikio hadi mdomoni, akasema, “Fainipo, mimi nilikuwa nakufa tu. Aliyewaliza ni wewe. Nilikuwa nakusikia nyuma ya mlango, roho inaniuma.” Nilikasirika, na bado nina hasira, kwa kuwa angeweza kuniambia akiwa na sauti, nami ningeweza kubisha hodi.

Alifariki tarehe ishirini na sita mwezi wa Anthesterio, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu na miezi mitano, mlango ukiwa umefungwa, Lisila akapiga kelele, na mimi ndiye niliyetoka kuwaambia.

Familia inamshukuru mganga Eurito kwa kutokata tamaa, majirani walioleta supu ya shayiri, wanawake waliouosha mwili, na waigizaji wenzetu walioubeba.

Kaka Melanopo, pumzika humo ndani, usibadili kinyago, usitoke. Nimeshawaambia.