Maximilla Naswa, Aliyemsomea Lornah

Mimi ni Becky, mdogo wake marehemu, na familia imeniachia kazi hii kwa kuwa niliishi naye Kisumu miaka mingi, nami nitasoma kwa Kiswahili ili wenyeji wetu wa hapa Asembo Bay na wale waliosafiri kutoka Bungoma tusikie pamoja.

Maximilla Naswa Odhiambo alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 huko Nyalenda, Kisumu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mukhwana, ambaye ametangulia, na Mama Seline, ambaye ameketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nyalenda, akipanga foleni ya maji kabla ya kengele kama sisi sote, kisha akapelekwa kwa shangazi Bungoma kwa masomo ya upili, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1997, na mwaka wa 2001 akapata cheti cha ukutubi mjini Kisumu.

Alianza kazi katika duka la vitabu la Mzee Gurbachan, ambaye hakumruhusu mfanyakazi kuuza kitabu asichokifungua, na tabia hiyo ya kufungua kila kitu kwanza haikumtoka tena. Mwaka wa 2008 aliajiriwa kuwa mkutubi wa shule ya upili ya wasichana kule Ahero, akadumu huko mpaka ugonjwa ulipomzuia.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na Bwana Tom Odhiambo, mchuuzi wa samaki wa boma hili, wakajaliwa Hellen Awuor na Felix Omollo, watoto wenye adabu, ingawa Felix bado hajui kuosha sufuria.

Mwaka wa 2020 mafuriko yaliingia maktaba, vitabu vya rafu za chini vikaoza vyote, naye badala ya kukaa akilia akaanza kutafuta zana za bure za kusomea mtandaoni, akizijaribu kwetu kabla ya kuwapelekea wasichana. Nyingi huwa za bure kwa wiki mbili, kisha zinafunga mlango, na kila alipofungiwa alijisajili upya kwa jina la ndugu mwingine, ndiyo maana Mama Seline, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, ana anwani tatu za barua pepe, na katika mojawapo ni mwalimu wa fizikia.

Mwaka wa 2022 alijiunga na shule hiyo msichana aitwaye Lornah, ambaye macho yake yalikuwa yakififia, na alipofika kidato cha pili hakuona tena maandishi, baba yake akaja kumchukua arudi nyumbani. Maximilla alimsihi yule mzee ampe muhula mmoja tu, akatafuta zana inayosoma kwa sauti, akaijaribu, lakini ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka ndege jana, darasa zima likacheka, na Lornah akalia. Basi akaiacha, akachukua kinasa sauti cha bure kwenye simu yake, akaanza kumsomea vitabu vya mtihani yeye mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, kwaya ya jirani na majogoo wa Ahero wakisikika nyuma. Kwa kuwa alikuwa mkutubi, alisoma kila kilichochapwa, hata muhuri, na kila kitabu kilianza na maneno, "Mali ya shule, usikunje kurasa." Muhula ulipoisha Lornah alikuwa wa nne darasani, na baba yake hakurudi kumchukua.

Mwezi wa Mei 2024 Maximilla alipatikana na saratani ya matiti, akatibiwa Kisumu, akapata nafuu, akarudi kazini, lakini kufikia Juni 2025 ugonjwa ulikuwa umefika mapafuni na pumzi ya kusoma ikaisha, huku riwaya ya mwisho ikiwa nusu. Bwana Tom, ambaye hakuwa ameshika kitabu tangu atoke shuleni, aliichukua akaendelea, mpaka Lornah akapiga simu wodini akasema, "Madam, Baba Hellen anasoma kama ananadi samaki," naye Maximilla akacheka hadi muuguzi akaja mbio. Tom hakuacha. Aliibakiza sura ya mwisho, kwa sababu mkewe alimkataza kuigusa, naye Maximilla akaisoma mwenyewe kitandani kidogo kidogo, akaimaliza tarehe 30 Oktoba 2025, na tarehe 4 Novemba, asubuhi, akatuaga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Nyalenda na Ahero waliotupikia, walimu wenzake, familia ya Mzee Gurbachan, na vijana wa boma hili waliochimba kaburi kwenye mvua.

Wengine mmeuliza Lornah yuko wapi. Alitaka kuja, na ni mimi niliyemkataza, kwa sababu Jumatatu ana karatasi ya fasihi katika mtihani wa kidato cha nne, na dada yangu hakutumia pumzi yake ya mwisho ili msichana huyo aje kukaa kwenye turubai hili. Yuko shuleni sasa hivi, anasikiliza ile sura.

Naswa, kazi uliyobakiza iko mikononi mwa Lornah. Lala salama, pumzika kwa amani.