Kibanio cha Kaunta Namba Mbili

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, ndugu wakuu wa idara, shemeji yetu mume wa mstaafu, pamoja na watoto na wajukuu mliojaza viti vya mbele, mafundi na wateja wetu wa siku nyingi, wafanyakazi wenzangu wa duka hili la vifaa vya ujenzi, mabibi na mabwana:

Kabla sijasema lolote, nina tangazo zito ambalo uongozi wa kaunta, yaani mimi, umeona lisicheleweshwe hata dakika moja. Kibanio cha nguo, cha mbao, chenye doa la rangi ya bluu ubavuni, kilichotoweka kaunta namba mbili miaka sita iliyopita, kimepatikana. Ni kizima. Kimo mfukoni mwangu. Naomba tuwe watulivu, na wenye presha wapewe maji.

Mnacheka. Wajukuu ndio mnacheka zaidi, maana ninyi mnajua vibanio vya kuanikia nguo tu. Basi niwaambie bibi yenu alikuwa nani katika jengo hili.

Mimi niliingia hapa nikiwa mpakiaji wa saruji, mwembamba kama msumari wa inchi moja. Tumbo hili mnaloliona nimelipatia kazini, na nashukuru halijaandikwa kwenye orodha ya mali za kampuni. Nilipohamishiwa kaunta nilikuwa naogopa hata kumpa mtu risiti. Aliyenishika mkono ni huyu dada. Akaniambia, "Mdogo wangu, hela ina mdomo ikiwa bado iko mbele ya macho ya watu wawili. Ukishaitumbukiza kwenye droo, imekuwa bubu."

Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Akipokea noti, anaitangaza: "Nimepokea kubwa moja!" Kisha anaibana kwa kibanio kwenye ukingo wa mashine ya risiti, kila mtu anaiona. Anahesabu chenji mkononi mwa mteja, na ile noti haiondoki kwenye kibanio mpaka mteja mwenyewe atamke, "Sawa." Ndipo inapoingia kwenye droo. Kwa sauti ile tukamwita Bi Kipaza. Mafundi kwenye foleni walikuwa wakimchokoza: "Bi Kipaza, taratibu basi, mke wangu atasikia huko nyumbani kwamba nina hela!" Naye: "Mwambie aje, chenji nimkabidhi yeye!" Foleni nzima inacheka, na mwenye kuchekwa anacheka kuliko wote.

Ndugu zangu, hebu niulize, na mwenye jibu asimame. Hivi tunajua keshia hula nini kila siku kabla hajala chakula chake cha mchana? Yuko anayemtupia hela juu ya kaunta kama anayelisha kuku, zinaruka, zinaanguka, halafu anamwambia, "Fanya haraka." Yuko anayezungumza kwenye simu tangu anaingia hadi anatoka, misumari anaagiza kwa kidole. Yuko anayeonyesha ujumbe wa malipo wa wiki iliyopita na kukoroma, "Nimeshatuma, huoni?" Yote hayo anayameza, anatabasamu, anasema karibu tena.

Na sisi wenyewe, je? Fedha zikipungua kwenye droo, ni za keshia, zinakatwa mshahara. Zikizidi, ni za duka. Hii ni hesabu ya shule gani? Ni mizani gani hii inayojua kuinama upande mmoja tu? Tungemuuzia fundi mizani ya namna hiyo, angeturudishia kabla ya saa sita mchana, na matusi juu! Mheshimiwa Mkurugenzi, kanuni hiyo umeikuta. Nakuomba, kwa heshima zote, usiizoee.

Sasa, miaka sita iliyopita ikashuka amri kutoka juu. Kutangaza hela ya mteja, tukaambiwa, ni kumdhalilisha. Na kibanio kinalifanya duka lifanane na uani siku ya kufua. Keshia apokee kimya. Nani alitumwa kukichukua? Msimamizi mpya wa kaunta, mwenye umri wa siku tisa tu katika cheo, tai imembana mpaka macho yanamtoka. Mimi. Nilikwenda kwa mwendo wa gwaride. Bi Kipaza akanitazama tai, akanitazama uso, akakitoa kibanio mwenyewe. "Kichukue, mdogo wangu," akasema. "Ila siku likitokea la kutokea, na wewe uwepo."

Lilitokea wiki ya tatu.

Hadithi mnayoijua, na ndiyo iliyomo kwenye faili lake, ni kwamba siku hiyo Bi Kipaza alikosea. Mkandarasi alilipa noti kubwa, yeye akamrudishia chenji ya noti ndogo. Nimeisikia hata leo pale mlangoni, tena kwa huruma: "Mtu mzuri sana, sema tu macho yalikuwa yamechoka." Kwa hadithi hiyo aliandikiwa barua ya onyo, na kwa barua hiyo, kanuni zetu zinakata theluthi ya kiinua mgongo chake. Theluthi! Shemeji yangu pale ananielewa, kwa sababu theluthi hiyo ndiyo paa la nyumba yao. Kuta zimesimama tangu mwaka juzi. Mwanamke aliyewauzia nusu ya mji huu mabati anakwenda kustaafu ndani ya kuta zinazotazama mawingu! Na sisi tumemnunulia keki.

Samahani, sauti imepanda. Nilisema nitazungumza kwa upole, lakini upole wangu ndio uliotufikisha hapa.

Nisikilizeni basi yaliyotokea hasa, maana hakuna mwingine wa kuyasema.

Mkandarasi yule alitoa noti ndogo. Alipopewa chenji yake akapiga ngumi kaunta: "Mimi nimekupa kubwa! Unajua mimi ni nani?" Bi Kipaza akamjibu, "Baba, najua ulichonipa. Wewe ni nani hukuniambia." Meneja wa wakati ule akatoka ofisini na kuniagiza nikahesabu droo. Nikaibeba hadi chumba cha nyuma, nikafunga mlango, nikahesabu mara mbili. Sote wa kazi hii tunajua: kama mkandarasi angekuwa anasema kweli, droo ingezidi. Haikuzidi. Ililingana na karatasi ya mashine ya risiti, ile inayoorodhesha mauzo ya siku, hadi sarafu ya mwisho. Dada yangu alikuwa hajakosea hata kidogo.

Nikampelekea meneja karatasi. Akaitazama, akanong'ona, "Huyu ana oda ya mabati ya jengo zima. Mpe anachotaka. Andika keshia kakosea." Meneja huyo ameshahama, na leo ningeweza kumbebesha mzigo wote, wala asingekuwepo kujitetea. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilitoa hela kwenye droo ya Bi Kipaza nikampa mkandarasi, droo ikapungua, nikaandika: uzembe. Neno hilo nililichagua mwenyewe. Nikatia sahihi. Akakatwa mshahara, na mimi nikabaki na tai yangu.

Kabla sijaandika, aliniuliza mbele ya watu: "Mdogo wangu, si umehesabu wewe? Sema basi." Nikamwambia, "Dada, tuyamalize tu." Hakulia. Hakunitukana. Kesho yake alinisalimia kama kawaida, na kuanzia siku hiyo akapokea hela kimya, kama tulivyotaka, miaka sita. Mkiniuliza kibanio kilikuwa wapi, kilikuwa kwenye droo ya meza yangu, chini ya karatasi ya mashine ya siku ile. Nilikuwa nakiona kila nilipotafuta kalamu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, hii hapa karatasi ya mashine. Hii hapa taarifa yangu, nimeiandika kwa mkono na kutia sahihi ile ile. Naomba barua ya onyo itoke kwenye faili lake, theluthi yake irudi nzima, na alichokatwa siku ile kikatwe kwangu. Kama inabidi faili langu lipate barua, nafasi ipo, ni jembamba kuliko mwenyewe.

Naziweka zote mbili hapa mezani, nimezibana kwa kibanio mbele ya macho ya watu wote. Na kwa kuwa aliyenifundisha yupo, nafuata utaratibu wake: nimepokea kwako, dada, jina zuri, nikakurudishia pungufu. Hii ndiyo chenji iliyobaki. Kibanio hakifunguliwi mpaka wewe mwenyewe useme sawa, na usiposema, una haki.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mimi sirudi kitini. Nasubiri hapa hapa, kama mteja.