Fioralba Menconi, Aliyekataa Kumvika Madama Brina

Ndugu, majirani, wachonga mawe wa Carrara, na nyinyi wasanii mliokuja na kofia zenu za manyoya katika mvua hii, karibuni sana. Marehemu hakutaka padri wala kengele, alitaka maisha yake yasomwe kwa sauti na mtu wa damu yake, ndiyo maana familia imenisimamisha mimi, mdogo wake, Ribelle, niwasomee.

Fioralba Menconi alizaliwa tarehe 11 Machi 1949 katika kijiji cha Bedizzano, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ateo Menconi, mkata mawe wa machimbo ya juu, na mama Dosolina. Tangu alipoweza kusimama alikuwa mtoto wa kukodolea watu macho, hata mama yake akawa anamgeuza aangalie ukuta kila walipopata mgeni, ili mgeni apate kula kwa raha. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1955 hadi 1960, kisha akashuka mjini kusomea sanaa, akahitimu mwezi Juni 1967, hodari wa kuchora nyuso na mvivu wa hesabu.

Septemba ya mwaka huo aliajiriwa Avenza, katika karakana ya mzee Lazzoni, wanakotengeneza picha za kauri zinazobandikwa kwenye mawe ya makaburi, na huko alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2014. Kazi yake ilikuwa kuwavika marehemu, kwa sababu watu wengi hufa bila kuacha picha ya heshima, familia huleta picha ya baba akiwa na singlendi ufukweni, au ya bibi akinyonyoa kuku, naye Fioralba kwa brashi nyembamba humvika baba koti na tai, humvika bibi gauni jeusi lenye kola, kisha picha huingia kwenye tanuri. Wengi waliolala kwenye mlima huu wamevaa nguo za Fioralba, akiwemo mzee Ateo, ambaye hakufunga tai hata siku moja ya uhai wake.

Tarehe 24 Aprili 1971 alifunga ndoa mbele ya meya na Germinal Vatteroni, mchonga mawe ya makaburi, jiwe likawa la mume na uso ukawa wa mke, wakajaliwa watoto wawili, Elvia, aliyezaliwa mwaka 1973, na Sauro, mwaka 1976.

Sasa tunafika kwenye Jumapili ya tarehe 18 Novemba 2007, ambayo marehemu mwenyewe aliiita siku aliyofunguliwa macho. Alasiri hiyo, katika ukumbi wa wachimba mawe, wasichana wa mjini waliandaa onyesho la burleski, ile sanaa ya kuvua nguo jukwaani kwa madaha na utani, na mwalimu wao alikuwa Ivonne Musetti, ambaye ujanani alitamba kwenye majukwaa hadi Torino kwa jina la Madama Brina, kisha akarudi nyumbani kumlea Oreste, mtoto wa marehemu dada yake. Ivonne alikuwa na miaka sabini na sita. Alitoka na gauni lililomfunika kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, akavua glavu moja tu, kidole kimoja baada ya kingine, wimbo mzima, na wanaume waliozoea kupigiana kelele kutoka bonde hadi bonde hawakuthubutu hata kukohoa. Walipokuwa wakirudi nyumbani Fioralba alisimama katikati ya daraja, akamwambia mumewe, "Germinal, yule mama kavua glavu moja, tuliobaki uchi ni sisi." Germinal akamjibu, "Tembea, Fiora, ugali wa polenta unapoa."

Tangu wiki ile, kila Jumapili, Fioralba alifungua karakana ya mumewe, akasimamisha kamera juu ya miguu mitatu mbele ya dirisha la kaskazini, na wacheza burleski wakasimama mmoja mmoja katikati ya mabamba ya marumaru ambayo hayajachongwa, awapige picha. Germinal alilalamika, "Miaka yote humu nakula vumbi, leo nakuta manyoya kwenye patasi zangu!" kisha akachukua kofia yake kwenda baa, wala hakukaa ndani hata mara moja. Marehemu hakuwa mpole kazini, aliwafokea, "Tabasamu la kuuzia tiketi kaa nalo! Nipe uso ule wa kabla hujafungua kifungo, pale ambapo ukumbi mzima ni wako!" Muuza mikate, mwalimu, muuguzi, waliingia wakiwa majirani zetu, na pichani wakatoka watu ambao ungewapisha njia, wakiwa na makovu yao ya uzazi, nyama za kiunoni na mikunjo ya shingo, na hapo mwanamke aliyewapaka maiti makoti hakugusa kitu kwa brashi. Picha hizo zilipotundikwa ukumbini mwezi Mei 2011, watu ambao hawajakanyaga kanisa tangu kubatizwa waliingia wakivua kofia, na ukumbi wote ukawa wa minong'ono.

Ivonne alifariki mwezi Februari 2013. Oreste alikwenda Avenza kuagiza picha ya kaburi, akaleta picha aliyopiga Fioralba, mabega wazi, upepeo wa manyoya kifuani, akasema, "Mvalishe gauni jeusi, lenye kola, apumzike kama watu wengine." Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, na mzee Lazzoni alikuwa ameshakubali. Fioralba alishika brashi, akaiweka, akaishika tena, mwishowe akamwambia Lazzoni kwamba mkono wake hautafanya jambo hilo, na kama anataka, amfukuze kazi. Kisha akamshika Oreste mkono, akampeleka kwenye karakana ya mumewe, ambako picha ile ilikuwa ukutani kwa ukubwa wa mtu mzima. Oreste aliisogelea. Akauliza, "Huyu ndiye aliyekuwa ananipikia supu?" Fioralba akasema, "Ndiye." Oreste akajifuta uso, akasema, "Basi mwache, na mimi nimwone." Ivonne yuko safu ya juu, karibu na mnara wa maji, na hajavikwa kitu.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwezi Januari 2022, akatibiwa hospitalini na baadaye nyumbani, ambako alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2022, mkono wake ukiwa mkononi mwa Germinal. Kati ya picha zake chache alikuwa amechagua moja ya kaburini, aliyopigwa na Nives, muuguzi na mcheza burleski, kwa kamera ya marehemu mwenyewe, amevaa aproni, kamba moja imeanguka begani, mdomo wazi, anamgombeza Nives kwa sababu anaitikisa kamera. Elvia hakuridhika, akasema, "Mama atakaa pale milele, anapiga kelele kama muuza samaki?" naye na Sauro wakaipeleka Avenza, kamba ipandishwe, mdomo ufungwe, achorewe kola. Juzi Germinal alishuka Avenza kwa miguu, akarudi na picha ndani ya koti kabla haijachorwa, akaiweka mezani mbele ya wanawe. "Mama yenu alikataa kumvika Ivonne," alisema, "na yeye hamtamvika. Mwacheni agombe. Huyo ndiye niliyemwoa."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Bedizzano kwa supu na kuni, wenzake wa karakana walioichoma picha yake tanurini kwa haraka, na wacheza burleski waliomwosha nywele kwa zamu hadi wiki ya mwisho. Mkipita kutoa heshima, jiwe amelichonga Germinal, na pichani mtamkuta bado anafoka.

Dada, hatukugusa kitu. Pumzika kwa amani.