Chupa ya Sita

Vuteni viti mkae karibu na kitanda, wanangu, na wewe mkubwa kazime jiko, uji nitakunywa baadaye au sitakunywa kabisa, maana leo nina pumzi ya kusema na ya kesho sina hakika nayo. Saa yangu ya mkononi inasema ni saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Nisikilizeni mpaka mwisho, na asinikatize mtu kwa kuniambia eti utapona, mama. Nimewazaa mwenyewe, najua nyuso zenu zinavyokuwa mkisema uongo.

Nyumba hii ni yenu wote watatu, asiuze mmoja bila wawili kuridhia. Kitindamimba akae chumba cha mbele mpaka aolewe au achoke kutafuta, mimi simsukumi mtu. Fundi wangu, vyombo vya kazi vya baba yako ulishavibeba kabla sijakupa, basi nakupa sasa, viwe halali yako. Mkubwa na fundi, ninyi mmesusiana tangu msiba wa baba yenu kwa maneno ambayo hata mkiulizwa hamyakumbuki vizuri. Nataka yaishe humu chumbani, msinifuate nayo makaburini. Nizikeni kando ya baba yenu, bila makeke, bila vipaza sauti.

Hayo ndiyo mepesi. Sasa zile chupa za stoo. Ziko themanini na tatu: nyanya, achari ya ndimu, jemu ya mapera, pilipili za kwenye siki. Miaka yote mmezicheka, na mkija kunitembelea mnaondoka na chupa mbili mbili kwa adabu tu. Nami najua zinaishia wapi, kwa sababu siku moja niliikuta yangu kwa mlinzi wa geti lako, fundi, anakula na mkate na kunisifu bila kujua mimi ni nani. Sikukasirika. Yule kijana angalau alikula. Mimi nafungua chupa moja, nakula vijiko viwili, nafunga, na inakaa mpaka naimwaga. Mtu anahifadhi chakula ili kije kuliwa na watu, na mimi watu sina. Ninyi mna nyumba zenu, siwalaumu. Nasema tu jinsi ilivyo.

Zamani nilikuwa nao. Mkubwa anakumbuka kidogo, wewe mdogo ulikuwa shule ya msingi. Tulikuwa wanawake saba, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana kwa mwalimu, yule mrefu mwenye miwani ya kamba, tunapanga chupa zetu mezani, na kila mmoja anaondoka na chupa ambazo hakuzitengeneza yeye. Lakini kundi lile lilianza na wawili, mimi na mwenzangu mmoja, sokoni, jioni wauzaji wanafunga meza. Kulikuwa na tenga la nyanya zilizolegea, zile ambazo kila mtu anazipita, nami nikalishika upande huu, na mwanamke nisiyemjua akalishika upande ule. Tukavutana. Akaniambia, “Dada, wewe unazitaka za nini, zimeoza hizi.” Nikamwambia, “Na wewe je?” Akaangua kicheko mpaka akaliachia tenga. Tukalibeba wote wawili mpaka kwangu, tukachemsha na kujaza chupa mpaka saa moja na nusu jioni, na tangu siku hiyo damu zetu zilipatana.

Yule tulimwita Chumvi Kidogo, kwa sababu alikuwa anasema “chumvi kidogo tu, chumvi kidogo,” huku anatia konzi nzima. Alipima kila kitu kwa kidole na ulimi. Mimi waliniita Saa. Nilipima kila chungu kwa dakika, nikaandika kwenye daftari, na chupa ya Saa hakuna aliyewahi kuinusa kabla ya kula. Yeye walimpenda, mimi waliniamini. Mara nyingi nilitamani tubadilishane.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndipo yote yalipoharibikia. Kila mmoja wetu alifunga uzi wa rangi yake kwenye shingo ya chupa, ili tujue nani wa kusifiwa na nani wa kusutwa. Wangu mweupe, wa Chumvi Kidogo wa buluu. Na chupa ya mwenzako hairudi tupu. Unaijaza chakula chako, lakini kwanza unakata uzi wake unafunga wako, ndipo unaiweka mezani. Hata mtoto angeweza.

Ijumaa moja, miaka kumi na saba iliyopita, nilikuwa na chupa za maharage mabichi kwenye sufuria kubwa. Maharage hayana uchachu wa kuyalinda, na daftari langu liliyataka yachemke kwa muda wa saa tatu kamili. Yalikuwa yamechemka kwa saa moja na robo tu pale fundi ulipoingia na huyu ambaye sasa ni mkeo, bila taarifa, bila hata salamu ya simu, eti mama nimekuletea mgeni. Usiiname, mwanangu, sikulaumu. Nilifurahi nusura nipige vigelegele. Lakini jiko kubwa lilikuwa moja. Nikaishusha sufuria ili niwapikie wageni wangu, nikajiambia nitairudisha. Sikuirudisha. Kesho yake asubuhi nikakuta vifuniko vimebana vizuri, nikaona aibu kumwaga, nikasema moyoni, mara moja haina neno, nikazipeleka mezani kwa mwalimu. Na chupa mojawapo ilikuwa ya Chumvi Kidogo, nami sikuukata uzi wake. Nilikuwa bado nawaza harusi.

Mwalimu akaichukua ile, uzi wa buluu shingoni. Jumanne mumewe akapelekwa hospitali, akalazwa siku tisa, macho hayafunguki vizuri na maji hayapiti kooni, na daktari akauliza alikula nini. Hakufa. Lakini alirudi nyumbani mwembamba, sauti imekwama, na tangu hapo hakuimba tena kwaya.

Tukaitwa kwa mwalimu siku isiyo yetu. Chupa ikawekwa katikati ya meza. Chumvi Kidogo alikuwa ameleta maharage Jumamosi ile ile, na wote wakasema hapo hapo, bila shaka ni yeye, huyo asiyepima. Yeye hakupiga kelele. Aliinua mkono wake, akahesabu kwa vidole, akasema, “Lakini mimi nilileta tano. Moja aliichukua dada yake mwalimu, mbili mshonaji, mbili muuguzi. Hii ya sita imetoka wapi?” Mwalimu akamwambia, “Hata kuhesabu hujui.” Basi yule mwanamke akanigeukia mimi. Akaniambia, “Saa, wewe unakumbuka. Zilikuwa tano au sita?”

Wanangu, mimi ndiye niliyekuwa nahesabu chupa zote zikiingia. Ilikuwa kazi yangu, na daftari lilikuwa kwenye mkoba, mapajani. Nikamwambia, “Sikuhesabu.”

Basi. Neno moja tu. Akanitazama, akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine, akasema taratibu, “Labda zilikuwa sita.” Akachukua kanga yake akaondoka. Niliona kabisa kwamba ameanza kuamini. Na mimi nikanyamaza, kwa woga, na kwa kupenda lile jina la Saa kuliko nilivyompenda mtu.

Nipe maji, mkubwa. Kidogo... inatosha.

Kundi halikuvunjika siku ile, lilikufa polepole. Tulikutana, tukapanga chupa, lakini kila mtu akawa ananusa, na hapakuwa na wa kutuchekesha. Ndani ya miaka miwili tukabaki watatu, halafu mwalimu akafariki, halafu nikabaki mimi na stoo yangu. Ndiyo sababu chupa ni nyingi. Sikujua kufanya kitu kingine. Kila nikimaliza kufunga kifuniko cha mwisho nilikuwa nageuka kumwambia mtu onja hii, na jikoni hamna mtu.

Nilimkuta mara moja dukani. Ameshika kopo la jemu ya kiwandani, anasoma maandishi yake kwa karibu, macho yamepungua. Tukasalimiana vizuri tu. Nikamuuliza, siku hizi hupiki jemu? Akasema hata wajukuu wake hawapikii cha kuweka. Anaogopa mkono wake. Akainua lile kopo akasema, “Hili likimdhuru mtu, shoga, lina kiwanda cha kulaumiwa.” Akacheka, nikacheka naye. Nimefanya mambo mengi ya aibu, lakini kicheko kile ndicho kinachoniamsha.

Kwa hiyo wosia wangu ndio huu. Mkishanizika, siku arobaini zikipita, nendeni wote watatu mkamwambie...

Unasemaje, kitindamimba? Sema kwa sauti. Ndiyo, yuko hai. Anakaa kule nyuma ya kiwanda cha magodoro, nyumba ya tatu kutoka kona, mlango wa kijani uliobanduka rangi chini. Ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Nimepima. Nimepima mara nyingi, mwanangu, nafika mpaka pale mlangoni, namsikia anaongea na redio yake, halafu narudi.

Usinitazame hivyo, mkubwa. Najua unachotaka kusema. Dakika kumi na mbili, miaka kumi na saba. Hesabu hiyo nimeipiga kabla yako.

Ngojeni. Ngojeni kwanza nivute pumzi.

Hapana. Nimekosea kusema. Ile ya arobaini ifuteni. Tazameni nilivyo mjanja hata hapa nilipolala: nataka mkamwambie nikiwa nimeshakufa, ili asiweze kunikatalia. Marehemu nani atamkatalia? Kila mtu husema nimemsamehe, apumzike, hata kama moyo umejaa. Nitakuwa nimemwibia mara ya pili. Akiwa na tusi, nalitaka nikiwa na masikio. Akiwa na mlango wa kunifungia, aufunge nikiwa nasikia.

Nendeni leo. Sasa hivi. Mwambieni hivi hivi, msipambe: Saa alihesabu. Zako zilikuwa tano. Ya sita ni yake, aliishusha motoni kabla ya wakati, na uzi wako hakuukata, na ulipomuuliza alijua. Mwambieni mkono wake hauna kosa, haukuwahi kuwa na kosa. Hilo mlirudie mara mbili, anasikia vibaya upande wa kulia. Na wajukuu wake wawepo, wasikie. Mpeni na daftari, liko chini ya mto huu, ukurasa nimeukunja. Msimwombee huruma kwa ajili yangu, msiseme mama anaumwa sana, msilie mbele yake. Akitaka kuja, mleteni. Akikataa, mrudi mniambie amekataa, kwa maneno yake yale yale, msiyalainishe. Nitayajua mkiyalainisha.

Sufuria kubwa namwachia yeye. Mkampe akitaka, akitaka kuitupa pia aitupe. Za stoo... mwageni za nyuma kabisa, sizikumbuki tena tarehe zake.

Njooni niwashike. Mikono yangu imekuwa baridi, si kitu. Mkubwa, umenitunza, Mungu akutunze hivyo hivyo. Fundi... kazi yako isikukatae, na nyumbani kwako pawe na watu mezani. Wewe mdogo wangu, usije ukaogopa kusema nimekosea... sema hata kama umechelewa, sema mapema kuliko mimi. Nawabariki wote, na watoto wenu, na watakaowazaa.

Sasa vaeni viatu. Hapana, asibaki mtu... nimesema wote watatu, akiona mmoja tu ametumwa atadhani ni mzaha. Nendeni. Mimi kukaa peke yangu nimeshazoea.