Kichanja Kilichobaki Kando ya Ziwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Mkurugenzi uliyetoka Nairobi, Mzee wetu Walter Obiero unayestaafu leo, na mkeo Mama Perez, wafanyakazi wenzangu, na ninyi majirani wa Manyatta na Nyamasaria: nawasalimu nyote.

Leo ni tarehe kumi na mbili Septemba, 1975. Mimi Wakoli nilitoka kwetu Chwele Machi 1967, nikamwambia mke wangu Metrine naenda Kisumu kuchimba mashimo ya nguzo, mwezi mmoja tu. Mwezi huo haujaisha mpaka leo.

Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nitasema nilivyoelewa. Mashimo yalikuwa ya vichanja, na juu ya vichanja Mzee Obiero alifunga vipande vya mabeseni, paipu za maji na nyavu za nailoni. Nikamuuliza, "Mzee, tunaanika nini hapa?" Akasema, "Tunaanika miaka, Wakoli. Nataka kujua plastiki inazeeka vipi kwa jua hili na mvua hii." Nikajua nimeajiriwa na mwendawazimu. Nani kati yenu hakufikiri hivyo?

Mama Beldina, usijifiche nyuma ya kitambaa. Siku moja mvua ilikuja sisi tukiwa mjini. Mama huyu alianua omena wake, wale dagaa wa ziwani, kisha kama jirani mwema akaanua na vipande vyetu vya kichanja cha langoni, akavifuta na kuvipanga jikoni kwake. Tuliporudi Mzee akashika kichwa. "Mama, hivi tunataka viharibike!"

"Viharibike? Basi ungewapa watoto wangu, wangemaliza kazi kwa wiki moja!"

Mzee alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Kisha akaanza kichanja hicho upya, na hakumkemea mtu. Ndiyo sababu nimezeeka hapa. Nimefanya kazi kwa wakubwa wengine, najua kelele zao.

Nakumbuka asubuhi zile, ziwa limetulia, sisi wawili tukipita kwenye vichanja. Alinifundisha kutumia vidole. Beseni jekundu lilipauka kwanza, likaanza kuacha unga mkononi, halafu likakatika kama biskuti. Paipu nyeusi ilibaki ngumu. Alikuwa akiigonga na kusema, "Bado kijana." Siku hizi mimi na beseni tumefanana, lakini paipu bado kijana.

Bwana Mkurugenzi, sasa nasema na wewe, na usinikasirikie. Tumesikia kituo chetu hiki cha majaribio kinafungwa, na wiki ijayo nguzo zote zitang'olewa. Vichanja vingine vimemaliza muda wao, ng'oeni. Lakini kile cha mwisho chenye paipu, karibu na maji, tulikiweka mwaka ule wa 1967 kwa miaka kumi, na kumi haijafika. Watu wanataka kuchimbia paipu hizi ardhini kutoka hapa mpaka Kombewa. Mama wa huko akiuliza, "Itadumu miaka kumi?" tumjibu nini? Tumwambie tulichoka mwaka wa tisa? Mzee Obiero ametoa nguvu zake kwa swali hilo moja. Je, tumpe saa ya ukutani ya kumuaga, halafu tumnyime jibu?

Naomba kichanja hicho kimoja kiachwe. Hakihitaji mlinzi wala mshahara. Kinahitaji tu kusimama juani.

Ahaa! Mkurugenzi ameinamisha kichwa. Ndugu zangu, mmeona? Bwana DC, na wewe umeona? Amekubali mbele ya watu wote, na Mama Perez tayari analia.

Mzee, nenda ukapumzike. Umetutendea kama watu, nasi tunakushukuru. Ninyi nyote, asanteni kwa kunivumilia, maana sikuzoea kusimama mbele ya viti. Kesho napanda basi kwenda Chwele, mgongo wangu unataka nyumbani. Lakini Machi 1977, kabla mvua kubwa haijaanza, nitashuka hapa na koleo langu, nifungue kichanja hicho kwa mkono wangu, kisha nimpelekee Mzee paipu yake aigonge mwenyewe.