Injini ya Baba Yake Mkasi

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na kila jioni huwabeba watu walewale. Mkasi, fundi cherehani, hukaa upande wa tofali. Jioni hiyo alikaza macho kwenye gari kuukuu la marehemu baba yake lililosimama mbele yao, boneti wazi. Miaka nenda miaka rudi amewatambia kwamba injini ile haijawahi kubadilishwa. Baba aliapa hivyo, na baba hakuwa mtu wa kauli mbili. Leo wakamtaka athibitishe. Walisugua masizi kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka namba iliyogongwa kwenye injini ikajitokeza. Kisha wakasoma kibati kilichopigwa ribiti kwenye bodi, kinachotaja namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Namba hazikulingana: penye tatu kwenye kibati, injini ilikuwa na nane.

Muuza kahawa akawamiminia. Mkasi hakugusa kikombe chake.

— Pole, ndugu yangu, — alisema Wembe, kinyozi mwenyewe. — Mzee alikupiga changa la macho.

Alipoona uso wa mwenzake umesawijika, akamtafutia marehemu utetezi: labda wezi walibadilisha injini mzee akiwa amelala, wakafunga boneti kistaarabu. Gia Tatu, dereva mstaafu wa malori, hakukubali. Alitega sikio kwenye injini, baridi vile vile na imezimwa, akatangaza kuwa hiyo ni ya boti.

Wembe akapata wazo jingine.

— Chuma kikipata moto hutanuka. Tatu ikitanuka, inakuwa nane.

— Na hii saba mbona haikutanuka? — aliuliza Gia Tatu.

— Saba ni nyembamba. Haina nyama.

— Basi suruali za Mkasi zingerefuka kila akizipiga pasi, — alisema Gia Tatu. — Na tunajua zinavyofupika.

Mkasi alicheka nao. Lakini alimkumbuka baba akiifuta injini ile asubuhi kwa fulana yake, kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Mtu hufuta uongo namna hiyo?

Mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake alikuwa amesimama nyuma yao, akisikiliza.

— Namba hazilingani, nimeelewa, — alisema. — Mnajuaje kilichobadilishwa si bodi?

Gia Tatu aliondoa sikio kwenye injini. Wembe alikisoma kibati upya, polepole, kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Muuza kahawa aliinamisha birika. Likatoa tone moja, basi.

— Baba aliapa kuhusu injini tu, — alisema Mkasi taratibu. — Ya bodi hakuna aliyemuuliza.

Akashusha boneti kwa mikono miwili, akachukua kikombe chake kilichopoa, akakimaliza kwa funda moja.

— Haya, — alisema yule mama. — Na gauni langu liko tayari?

Mkasi akafungua boneti tena, akainamia injini.